Fundi Swichi na Magari Ambayo Hakuyaiba

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Swichi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mbao. Mama yake, bibi yetu, alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda hicho. Baba yake alifariki mapema, akamwacha na mdogo wake mchanga. Bibi akienda kazini, marehemu ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake huyo, akamlisha na kumbembeleza. Naomba mlikumbuke hilo nikiendelea kusoma.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme wa magari. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Aliwahi kufukuzwa wiki nzima kwa kuifungua kengele ya shule ili aone sauti inatoka wapi. Aliirudishia vizuri, ila tangu hapo ikawa inalia kila mwalimu mkuu akiwasha taa ya ofisini kwake.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika karakana ya mabasi, na mwaka 1994 akafungua karakana yake mwenyewe karibu na soko la vyuma. Hapo ndipo alipopata jina. Wizi wa magari ulikuwa umepamba moto, naye akawa anafunga swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Mwizi anazungusha ufunguo, starta inalia, injini haiwaki ng'o. Aliificha chini ya zulia la dereva, nyuma ya kisanduku cha majivu ya sigara, ndani ya kifuniko cha mkanda wa kiti, na hakuna magari mawili yaliyofungwa sawa. Alifunga milango ya karakana akifanya kazi hiyo, na mahali pa swichi alimnong'oneza mwenye gari peke yake.

Mtu mmoja tu aliingia humo, baba mdogo. Baba alitaka kila swichi ijaribiwe na mtu mwenye jicho kali, na mdogo wake alikuwa nalo. "Haya, wewe ndiye mwizi. Liwashe tuone," baba alikuwa akimwambia. Baba mdogo alipapasa huku na huku mpaka jasho likamtoka. Akishindwa, baba alicheka kwa furaha, akamwonyesha ilipo. Hilo ndilo kosa lake, na alilifanya kwa upendo.

Nirudi nyuma kidogo. Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa akiuza katika duka la vipuri. Gari la maharusi lilikuwa la kuazima, na baba, kwa kuogopa lisiibwe wageni wakiwa wanakula, alilifungia swichi ya siri, ya kwanza maishani mwake, siku moja kabla. Wakati wa kuondoka kiwewe kikamshika, asikumbuke alipoiweka. Bwana harusi akaingia chini ya viti na suti yake, wageni wakasukuma. Mama hadi leo anasema, "Alisahau swichi, mimi hakunisahau."

Mwaka 2016 magari aliyoyafunga yakaanza kuibwa. Gari la mkunga, la mwalimu mstaafu, la muuza mboga. Hayakuvunjwa kioo wala kuvutwa kwa kamba. Yaliwashwa, yakaondoka. Watu walifanya hesabu zao. Mkunga alikuja karakana akasimama mlangoni, nikiwepo. "Fundi, siri tulikuwa nayo mimi na wewe. Mimi sikujiibia." Polisi walimweka ndani, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini mtaani kesi ilikuwa imeshakwisha. Wateja wakahama. Wengine mpo hapa leo, na mlikuwa mkivuka barabara msimsalimie.

Baba akahamisha swichi ya pikapu yake mwenyewe, akaiweka ndani ya taa ya nyuma. Hata mama hakumwambia. Alimwonyesha baba mdogo peke yake, akimwomba Mungu shaka yake isiwe kweli. Wiki ile ile pikapu ikaondoka nje ya zahanati, mchana kweupe.

Nilikuwa karakana, nimempelekea baba chakula, baba mdogo alipoingia. Baba alimwuliza taratibu, "Nimekunyima nini mimi?"

"Kaka, mjini hapa wajanja ni wengi. Utanishika mimi?"

"Nilikuonyesha wewe tu."

Baba mdogo aliangalia sakafu, kisha akatoka. Hakukana tena, wala hakuomba radhi. Nilimsihi baba twende polisi. Akasema, "Bibi yako ataumia. Acha wanione mimi mwizi." Akafunga karakana, akayameza yote. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba aliyebebwa mgongoni ndiye aliyemzunguka.

Presha ilimwanza mwaka uliofuata. Mwezi Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa, na mama alimlisha kwa kijiko hadi mwisho. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza macho. Mdogo wake hakuja. Baba alifariki Alhamisi alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja, aliyekaa safu ya mbele. Kamati ya mazishi iliniomba niikate habari ya magari kabla ya kuchapa, eti tusimuumize bibi. Nikaenda kwa bibi, nikamsomea yote. Bibi akasema, "Mimi nilijua. Nilikuwa nangoja mwanangu aniambie, naye alikuwa ananionea huruma. Soma mbele za watu. Wote wawili nimewazaa, lakini mwizi ni mmoja."

Nimesoma, bibi. Mwenyezi Mungu amlaze baba yetu mahali pa utulivu, akiwa na jina lake safi.