Sadalla na Picha Iliyokatika Nusu

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi pale Mabawa, mjini Tanga, na lilikuwa na wenyewe. Mwisho wa kulia alikaa Jumbe, aliyepachikwa jina la Hakimu kwa sababu hapakuwa na jambo asilolitolea hukumu, hata lisilomhusu. Katikati alikaa Bama, aliyerudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja mzito na habari zisizokwisha. Haji muuza kahawa alichuchumaa mbele yao, dele lake la shaba likichemka juu ya makaa. Na kushoto, penye kivuli kizuri, aliketi Mzee Uweso, mshona kofia, baba yake Asmahani. Jioni hiyo, watu walipotoka kusali alasiri, Sadalla, fundi wa kupaka chokaa, alikuja kwenye benchi hilo. Posa yake kwa Asmahani ilikuwa bado iko kwa mzee, haijajibiwa, na jana yake Mabawa nzima ilimwona akiiba.

Ilimwona kwenye sinema. Mwaka uliopita walikuja wazungu na kamera yao, wakitaka kutengeneza picha ya gharama ndogo ya wezi wanaotubu wakageuka kuwa wakamata wezi. Walimkuta Sadalla akishuka ukutani bila ngazi, ndoo ya chokaa mkononi, wakasema, mwizi wetu ndiye huyu. Jana gari la sinema la serikali likafika uwanjani, shuka jeupe likatundikwa, watu wakajaa mpaka juu ya miti. Picha ilipofika katikati, injini ya umeme ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Kwa hiyo watu wa Mabawa walimwona Sadalla akiruka ukuta, akivunja duka na kutoroka na gunia. Kutubu kwake hakuna aliyekuona. Asubuhi alipokwenda kazini na brashi zake, mwenye nyumba wa kwanza alimwambia chokaa itangoja. Wa pili alimwambia hayo hayo kupitia dirishani.

— Shikamoo, Mzee Uweso.

Mzee Uweso alivuta uzi mpaka ukaisha ndipo akajibu.

— Marahaba. Kaa huko, mbali kidogo na kofia zangu.

Sadalla akakaa ukingoni, nusu ubaoni, nusu hewani. Haji akampa kikombe cha kahawa, lakini mkono wake wa pili ukabaki umeshika dele.

— Haji, nawe pia?

— Mimi nimekwambia nini? Kunywa kahawa yako.

— Jamani, ile ni picha tu, Sadalla akasema. Watu wanacheza.

— Sikiza, bwana, Hakimu akajiweka sawa. Mtu akiiba gizani, watafutwe mashahidi. Wewe umeiba mbele ya uwanja mzima, na serikali yenyewe ikaleta gari kutuonyesha. Ushahidi gani tena unatakiwa?

— Lile gunia mnajua lilikuwa na nini? Makumbi ya nazi!

— Ahaa! Makumbi ya nani?

 Kwa kweli Sadalla hakuwahi kuuliza.

— Na ile bastola? akauliza Bama.

— Mti mtupu, umepakwa rangi nyeusi. Ilikuwa inaniachia rangi mkononi. Na motokaa ya wezi ndiyo hiyo hiyo ya polisi, wameigeuza upande tu. Hata yule mlinzi aliyepigwa rungu akaanguka chali, mlimwona? Ni mimi.

— Ni wewe uliyempiga, tulikuona, akasema Bama.

— Niliyempiga ni mimi, na aliyepigwa ni mimi. Wazungu hawakuwa na watu wa kutosha. Walinibandika ndevu.

Hakimu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

— Basi kuiba, hilo moja. Kumpiga mlinzi wa watu, la pili. Kujijeruhi mwenyewe, la tatu. Kijana, umejiharibia kabisa.

— Hayo yote hayana maana, Bama akadakia. Mimi Burma nimeona picha mpaka macho yameuma. Mwizi ukimwona nusu ya kwanza, nusu ya pili anakufa. Huyu Sadalla alishakufa.

— Bama, si mimi huyu?

— Kwenye picha, nasema. Tena walikuzika vibaya, bila sanda. Ndiyo maana injini ilizima. Iliona haya.

— Hata! akasema Haji, akipunguza sauti kana kwamba askari yuko ndani ya dele. Nyote hamjui. Ile picha ni mtego. Polisi wanakaa nyuma ya shuka, wanatutazama sisi. Anayetazama sana namna kufuli linavyofunguliwa, wanamwandama mpaka kwake.

— Na wewe ulitazama? akauliza Hakimu.

— Mimi? Nilifumba macho.

— Ulijuaje basi kama kulikuwa na kufuli?

Haji akaanza kuchochea makaa kwa bidii. Wengine wakacheka, lakini Mzee Uweso hakucheka. Aliiweka kofia yake magotini.

— Sadalla, mimi si mjinga, akasema taratibu. Najua ule ni mchezo. Lakini leo asubuhi mke wangu kaficha masinia chini ya kitanda. Kisa? Kasikia unapita. Na shemeji zangu wa Kigombe wanakuja Ijumaa kutaka kujua mwanangu anaolewa na nani. Nikawaambie anaolewa na mwizi, ila wavute subira, nusu iliyobaki itakuja na gari?

 Kazi ya Sadalla ilikuwa kuingia majumbani mwa watu. Mpaka chokaa asiyefunguliwa mlango hana tofauti na ndoo tupu. Na Asmahani mwenyewe alikuwa amemtumia salamu mara moja tu siku hiyo: akamwambie baba yake kitu, chochote, kabla hajaamua.

— Mzee wangu, nusu ya pili natubu. Navaa kofia ya askari. Namkamata mwizi kwa mikono yangu hii.

— Umeiona kwa macho yako?

— Sijaiona. Lakini niliicheza.

— Mwizi mwenyewe alikuwa nani?

Sadalla akatazama kikombe chake.

— Alikuwa kajifunga kitambaa usoni.

— Nani, Sadalla?

— ...Mimi.

Bama alicheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Hakimu akatangaza kosa la nne. Sadalla akainuka aende zake, na huenda angekwenda moja kwa moja, lakini njia ilizibwa na mtu mgeni aliyekuwa akijifuta jasho kwa kofia ya ukili.

— Hodi hapa, wazee. Naitwa Eliudi, natoka Pongwe, shamba la mkonge. Naulizia njia ya...

Hakumaliza. Alimkodolea Sadalla macho, kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Wewe! Si wewe yule askari? Yule wa picha! Juzi tulikuona Pongwe mwanzo mpaka mwisho. Mke wangu Dorkasi alilia, majirani wakadhani tumefiwa!

 Sindano ya Mzee Uweso ikasimama hewani.

— Alilia nini? akauliza mzee.

— Huyu alipomrudishia yule mama kipofu mwenye duka gunia lake! Akapiga magoti, akasema sirudii tena. Kisha akavaa kofia, akakaa akingoja. Akaja jambazi mmoja, mtu mbaya hasa, uso kaufunga. Huyu akampiga kumbo, akambwaga chini, puu! Sisi tukasimama wote.

— Yule jambazi, akasema Bama, kumbe...

— Nyamaza, Bama, akasema Mzee Uweso. Ehe, bwana Eliudi. Na mwisho wake?

— Mwisho wenye nyumba wakampa funguo zao. Wakamwambia, ingia utakako, tunakuamini.

Mzee Uweso alimtazama Sadalla muda mrefu, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kumshuku. Sadalla hakujua aweke wapi mikono yake.

— Haji, akasema mzee, mmiminie mgeni kahawa.

Eliudi akageuka ili akae, kisha akasita. Akatazama ukuta wa upande wa pili wa njia, akatazama huku na huku.

— Wazee, akasema. Nilipokuja hapa niliegemeza baiskeli yangu kwenye ukuta ule. Iko wapi?

Wenye benchi wakatazamana. Walikuwa wameketi nyuso zao zikielekea ukuta ule ule, watu wazima wanne wanaojua mambo yote ya wezi. Hakimu, kwa mazoea, akamgeukia Sadalla.

— Usimtazame huyo! akafoka Mzee Uweso. Tangu alipofika nimemtolea macho, hata sikio hajajikuna nisimwone. Shahidi wake ni mimi!

— Ile kule! akapiga kelele Haji.

Kule mwisho wa njia baiskeli ilikuwa ikiyumba, mtu ameinama juu yake akikanyaga kwa pupa. Sadalla hakungoja kuambiwa. Alikivuka kikombe, akalivuka dele, akauruka ua wa makuti wa jirani kama alivyoelekezwa na wazungu, ila safari hii hakuna aliyemwambia arudie. Nyuma yake akasikia vishindo. Mzee Uweso alikuwa ameangusha kofia, kashika msuli aliojifunga kiunoni kwa mkono mmoja, anakimbia.

Baiskeli walikuja kuipata karibu na soko, imetupwa mtaroni, mnyororo umechomoka, na aliyeiba hakujulikana mpaka leo. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa wakati ule mbio zilikuwa zimefika njia panda, na Sadalla alikuwa akisitasita ashike ipi.

— Kushoto! akasikia sauti ya mzee, pumzi zikimkatika. Kata kushoto, mkwe!

Miguu ya Sadalla nusura ijikwae. Hakugeuka nyuma, asije mzee akalirudisha neno lake. Alikata kushoto, akaongeza mbio.