Bi. Idella Wadleigh na Kifurushi Kilicholala Kwenye Friza

Bi. Idella Wadleigh aliingia Ofisi ya Kumbukumbu za Mji wa Tarbell mwezi Oktoba 1988, akiwa ameajiriwa kwa wiki tatu ili ashike nafasi ya mtu aliyevunjika mguu. Anastaafu tarehe 30 Mei 2025. Mguu ule ulipona zamani, mwenyewe akahamia Florida, na wiki zile tatu zikageuka miaka thelathini na sita. Hakuna barua ya ajira ya kudumu iliyowahi kuonekana. Yeye mwenyewe, ambaye ametutafutia kila kitu, hiyo hajaitafuta.

Wengi wa watakaosoma ukurasa huu walimfahamu kwanza mlangoni. Alikuwa akisimama hapo, miwani ikiwa imening'inia kwenye kamba, akimtazama mgeni mikononi kabla ya kumtazama usoni. Mwenye mikono safi aliingia. Mwenye andazi alielekezwa kwenye benchi la ukumbini. Baba mchungaji alielekezwa benchini zaidi ya mara moja, na aliwahi kukiri hadharani kwamba katika mji huu ni rahisi kuingia mbinguni kuliko chumba cha Bi. Idella.

Alichokuwa akikilinda ni karatasi za watu waliolima vilima hivi kati ya mwaka 1800 na 1830. Hazina ushujaa mwingi. Zina mihutasari ya mikutano ya mji, ambamo wanaume wazima walibishana mchana kutwa juu ya daraja moja. Zina hati za kuwataka maskini wageni waondoke mjini kabla hawajawa mzigo kwa wenyeji. Zina taarifa za shule, ambazo zinaonyesha kwamba mtoto ambaye baba yake hakuleta kuni aliketi mbali na jiko. Na kilikuwemo kitabu cha alama za masikio: kila mwenye kondoo alichorewa na karani kichwa cha kondoo, sikio likiwa na pengo au mkato wa ukoo wake, ili mifugo ikichanganyika malishoni, kila mtu amjue wake. Bi. Idella alikipenda kitabu hicho kupita vyote. Alikuwa akisema kwamba kondoo wale wana nyuso, na kwamba karani yule, ambaye alichora vibaya sana, alichora kwa moyo.

Kamera ilipoletwa mwaka 2006, ili nyaraka hizo ziwekwe mtandaoni na kusomwa na yeyote popote, wengine tulidhani Bi. Idella ataipinga. Aliipokea kama mtu anayepokea mkwe: kwa adabu, kisha kwa masharti. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba kila ukurasa upigwe picha, hata usioandikwa kitu. Bw. Lyndon Cutting, mwenyekiti wa baraza la mji, ambaye humwita Dell na ndiye hulipa bili za umeme, alipita siku moja akamkuta akiielekeza kamera kwenye ukurasa mtupu.

"Sasa Dell, hapo unapiga nini? Mbona hamna kitu?"

"Nampigia mtu atakayekuja kuniuliza kama palikuwa na kitu."

"Na akishaona hamna?"

"Atakwenda zake, na mimi nitaendelea na kazi. Kama ninavyotaka kuendelea sasa hivi, mwenyekiti."

Alianza na vitabu vya ghorofani, kwa kuwa ndivyo vilivyoulizwa zaidi. Makasha ya ghala la chini, pamoja na kitabu cha masikio, aliyapangia mwaka 2012. Ulikuwa mpango wa busara kwa kila kipimo isipokuwa kipimo cha mto.

Mwishoni mwa Agosti 2011 Mto Lull ulipanda, ukaingia ghalani, ukakaa humo usiku na mchana. Ulipotoka uliacha matope hadi magotini na makasha yaliyovimba kama mikate. Umeme ulikatika mji mzima. Hakuna hata ukurasa mmoja wa makasha yale uliokuwa umepigwa picha, na karatasi iliyoloa huanza kuota ukungu siku ya pili au ya tatu. Baraza, ambalo lilikuwa na barabara tatu zilizobomoka na wazee wa kuhamisha, liliagiza kwamba vyote vya ghalani vitolewe pamoja na matope na kutupwa. Tusililaumu. Bw. Cutting alikuja mwenyewe kumwambia Bi. Idella, akiwa hajalala, na alimwambia kwa upole.

"Dell, dada yangu, hizi si karatasi tena. Huu ni uji."

"Basi tutaugandisha," akajibu Bi. Idella.

Hakuwa akifanya mzaha. Karatasi iliyoloa ikigandishwa hukoma kuharibika, na inaweza kusubiri mpaka apatikane mtu na nafasi ya kuikausha kidogo kidogo. Kilichokosekana ni mahali pa kugandishia. Na katika mji wa Tarbell, ambako kila nyumba ina friza ya nyama ya kulungu na kila mkulima wa mlimani ana jenereta, mahali hapakukosekana kwa muda mrefu. Bi. Idella alikwenda kwanza kwa mtu ambaye hakupenda kwenda kwake.

Mtu huyo ni Bw. Alden Peaslee, mjane, mchemshaji wa shira, yaani utomvu mtamu wa miti unaogemwa kila Machi na kuchemshwa hadi uwe mzito, ambaye wakati wa msimu wa uwindaji huwakatia watu kulungu wao. Ana chumba cha baridi kinachotosha kulungu thelathini. Ana pia shajara za bibi wa mababu zake, Thankful Peaslee, aliyeandika kila siku kuanzia mwaka 1809: kondoo waliozaa, theluji iliyoanguka Juni, nani kaja kuazima chachu. Kwa miaka mingi Bi. Idella alikuwa akimwomba azilete ofisini zipigwe picha, akimweleza kwamba nyumba ya mbao yenye jiko la kuni si mahali pa kuwekea karatasi. Kwa miaka hiyo hiyo Bw. Peaslee alimjibu kwamba ofisi iliyo kando ya mto si mahali pa kuwekea chochote.

Siku ile alimkuta amekaa kibarazani, buti zimekauka.

"Karibu, binti Wadleigh. Umekuja kunihimiza nilete shajara mahali salama?"

"Sema yote leo, mzee, uyamalize. Halafu nifungulie chumba chako cha baridi."

Inasemekana Bw. Peaslee aliinuka akaiwasha jenereta. Kisha alikiwasha chumba, akatoa kwenye friza zake nyama yote ya mwaka, akawasha moto uani na kuwachomea watu wote waliokuwa wakizoa matope. Mji ulikula kulungu siku mbili mfululizo. Wakati huo yeye na Bi. Idella walikuwa kwenye meza ya kukatia nyama, wakifunga nyaraka moja moja kwa karatasi nyeupe ya bucha na kuzikaza kwa uzi, jinsi mikono ya Bw. Peaslee ilivyozoea kufunga paja. Chumba kilipojaa, vifurushi viligawiwa kwa majirani. Vilikwenda kwenye friza za walimu, za zimamoto, za kanisa, na kimoja kwa mwenyekiti wa baraza.

Hapo ndipo palipotokea kosa ambalo halikuandikwa katika taarifa rasmi. Mwezi Novemba Bi. Marva Cutting, mke wa mwenyekiti, alikuwa na wageni wa Jumapili. Jumamosi alitoa kifurushi cheupe frizani akakiweka kwenye sinki kiyeyuke, akaandaa vitunguu. Asubuhi alikifungua akakuta mihutasari ya kamati ya barabara ya mwaka 1814. Alimpigia Bi. Idella kabla ya kumwambia mumewe.

"Idella, mwenzangu, usinikasirikie. Nimewayeyusha wazee wa barabara."

"Umewatia chumvi?"

"Bado."

"Basi tuko salama. Usiwaguse, nakuja. Na wewe tafuta kuku."

Ibada iliwapita wote wawili siku hiyo. Wageni walipofika walikuta kamba za nguo zimekatiza sebule, feni mbili zinavuma, na kurasa zimeanikwa kuanzia dirishani hadi kwenye piano. Bw. Cutting, ambaye miezi mitatu kabla aliagiza kurasa hizo zitupwe, alikula kuku akiwa ameinama chini ya mwaka 1814 na kuwaonya watoto wasipige chafya. Katika bajeti iliyofuata aliomba fedha za kuihamishia ofisi mlimani, na zilipita. Tulipo sasa mto hautufikii.

Kazi ya kuyeyusha, kukausha na kupiga picha ilichukua miaka mitano. Vifurushi vilirudi kimoja kimoja, na Bi. Idella alivipokea mlangoni kama watoto waliotoka bweni. Vilirudi vyote ila kimoja. Kilichokosekana kilikuwa kitabu cha alama za masikio.

Katika haraka ya siku zile hakuna aliyekuwa ameandika nani kachukua nini. Bi. Idella alijilaumu kwa hilo, ingawa hapakuwa na mtu mwingine aliyemlaumu. Mwaka 2017, alipostahili kustaafu mapema, tulimwandalia keki. Aliikata, akaigawa, akasema hastaafu. Alisema hawezi kwenda nyumbani kulala wakati kondoo wake wamelala kwenye friza ya mtu asiyemjua, na siku yoyote mtu huyo atahama au friza itaharibika, na kitabu kitatupwa pamoja na njegere. Tulidhani ni maneno. Mwaka 2020 tuliandaa keki nyingine, naye akarudia vilevile.

Kila Machi, kwenye mkutano wa mji, aliomba nafasi ya mwisho. Alisimama, akasema, "Ndugu zangu, mkirudi nyumbani, tazameni chini kabisa ya friza," akaketi. Mara ya kwanza watu walitazama. Baadaye walicheka. Mwishowe ikawa kama amina: mwenyekiti hakuweza kufunga mkutano kabla ya friza, na watoto waliozaliwa baada ya mafuriko waliisubiri bila kujua ilianzia wapi. Bi. Idella peke yake hakuwahi kucheka.

Machi pia ulikuwa mwezi wake wa kwenda kwa Bw. Peaslee. Baada ya mafuriko mzee huyo alikubali shajara za Thankful zipigwe picha, kwa sharti kwamba zisitoke nyumbani kwake, na kwamba kipigwe kitabu kimoja tu kila msimu wa shira. Hakueleza sababu ya kimoja. Bi. Idella alipanda mlimani na kamera, akapiga kitabu chake mezani jikoni, kisha akakaa kwenye banda la kuchemshia utomvu hadi shira ilipoiva, akila kachumbari ya siki na andazi bila kumwelekeza mtu benchini. Kitabu cha mwisho kilipigwa picha Machi 2023. Mwaka uliofuata hakuwa na sababu ya kupanda, na hakupanda.

Wiki ya tatu ya Machi 2024 simu ya ofisi ililia. Sauti ya Bw. Peaslee ina nguvu, na sote tuliisikia.

"Binti Wadleigh, nimekiona kitu kwenye friza ya banda la shira. Kimefungwa kwa uzi. Sidhani kama ni paja."

"Mzee, friza hiyo si nilikuuliza kila mwaka?"

"Uliuliza."

"Ukaniambia umetazama."

"Nilitazama. Juu juu."

"Miaka kumi na miwili unatazama juu juu?"

"Mimi ni mzee, nasahau. Njoo basi, utomvu unachemka."

Bw. Peaslee amesema kwamba alisahau, nasi tumeandika kwamba alisahau. Bi. Idella, alipoulizwa, alijibu kwamba banda lile lina mvuke mwingi na mtu anaweza asione mbali. Kitabu kilikuwa kizima. Kilikaushwa kwa miezi kadhaa, ukurasa kwa ukurasa, na picha za kwanza ziliwekwa mtandaoni Februari mwaka huu. Kichwa cha kondoo wa ukoo wa Peaslee kipo ukurasa wa nne: sikio la kushoto limekatwa ncha, na doa la barafu limempitia puani. Bi. Idella alipiga kurasa zote zenye maandishi, kisha zile kumi na moja tupu za mwisho. Alipomaliza alizima taa ya kamera, akaandika barua ya kustaafu, akaiweka mezani bila kuifunga bahasha. Safari hii hakuna aliyethubutu kuagiza keki mpaka tulipoona sahihi.

Katika mkutano wa mji wa Machi mwaka huu hakuomba nafasi. Mwenyekiti alisubiri, watu wakageuka kutazama kiti chake, na kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa mlimani kwenye banda la shira, na kamera ilikuwa hapa kabatini. Mjumbe mmoja alisimama akapendekeza maneno ya friza yasomwe tu, kwa heshima. Yalisomwa, yakapigiwa kura, yakapita bila kupingwa.

Bi. Idella, kwa niaba ya ofisi na ya mji, asante. Asante kwa kurasa zilizoandikwa na kwa zile tupu. Asante kwa kukataa ule uji umwagwe. Andazi litaendelea kuliwa benchini, hilo tunakuahidi. Tumekagua friza zetu zote, hadi chini kabisa, na hakuna chako kilichobaki kwa mtu. Sasa nenda kapumzike, mama, na shira yako iwe nzito kila Machi.