Emmaculate Akeyo, Aliyengoja Watoto Waamke

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwalaza watoto usingizi na kuwaamsha salama, Bi. Emmaculate Akeyo, mtaalamu wetu wa nusukaputi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni.

Alianza kama muuguzi kule Homa Bay, akasomea dawa za usingizi, kisha akaja kwetu Migori wakati chumba cha upasuaji kilikuwa na taa moja yenye maringo. Kabla ya upasuaji alimuuliza kila mama jina analomwita mwanawe nyumbani, akaliandika kwenye plasta na kuibandika kitandani. Ndiyo maana wodi nzima ilijua kwamba mwana wa chifu mmoja huitwa Mandazi.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ukaidi. Upasuaji ukiisha, hakuutoa mrija wa kupumulia kooni mwa mtoto mpaka aridhike kwamba ameamka kabisa. Daktari Duke, mpasuaji wetu, alinung'unika kwamba chai ya saa nne inapoa. Emmaculate aliketi tu, mkono kifuani pa mtoto, akimwita polepole kwa jina la nyumbani.

Ukaidi huo una chanzo, na leo nakisema. Mwaka 2011 tulimfanyia Nchagwa, mtoto wa miaka minne kutoka Kegonga, upasuaji wa ngiri. Upasuaji ulipoisha mtoto akakohoa, nami, muuguzi wa zamu, nikamhimiza Emmaculate autoe mrija, maana foleni ilikuwa ndefu. Akautoa. Koo la mtoto likajifunga, midomo ikageuka rangi. Emmaculate akamkandamizia barakoa ya oksijeni, akamwinua taya, akamdunga dawa. Pumzi ilirudi nikiwa nimeshaanza kulia. Kisha akatoka mwenyewe kumweleza Bhoke, mama wa mtoto, yote yaliyotokea, akisema kosa ni lake. Jina langu hakulitaja siku ile wala baadaye. Nami nikanyamaza miaka yote hii, na naona haya.

Tangu hapo kila mwanafunzi wake aliambiwa, "Kukohoa si kuamka. Ngoja mpaka akutafute na macho."

Jumanne iliyopita alimwachia Shamima, mrithi wake, mtoto wa mwisho wa kulazwa usingizi, yeye akasimama ukutani. Mtoto akakohoa. Daktari Duke akauliza kama mrija utoke. Mimi ndiye niliyemjibu kwamba bado.

Asante sana, dada. Nenda Kendu Bay ukale samaki wako kwa utulivu, Mungu akupe afya na miaka mingi. Huku tutangoja.

Liz Adoyo, muuguzi, chumba cha upasuaji