Sixten Brovall na Magitaa Yasiyo na Jina

Marehemu Sixten Brovall alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika kijiji cha Siljansbo, karibu na Mora, mtoto wa kwanza wa mzee Helmer na mama Elna. Alimaliza masomo ya useremala mwaka 1955. Mwalimu aliandika kwamba kijana ana mikono mizuri na kichwa kigumu. Familia haijawahi kupinga.

Mzee Helmer alikuwa fundi wa makabati ya jikoni. Mwaka 1959 aliunda gitaa la umeme na kulifunika kwa plastiki ile ile ya meza za jikoni. Lilikuwa na sauti safi, lakini plastiki ile ililiharibia sifa. Wapiga gitaa wa Stockholm walimtania Sixten, aliyeyauza, "Eti unauza kabati lenye nyuzi? Na vijiko viko wapi?" Alicheka nao, kisha akanuna wiki nzima.

Tarehe 6 Juni 1964 alimwoa Maj-Lis. Alichelewa kanisani kwa sababu alikuwa akingoja gundi ikauke. Walijaliwa watoto wawili, Torun na Sigge.

Oktoba 1981 karakana ya magitaa ya familia, ambayo sasa Sixten aliiongoza, ilikuwa ukingoni mwa kufungwa. Wakala wa kampuni moja ya Stockholm inayouza magitaa aliweka magitaa matatu nyuma ya pazia, yakapigwa huku wapiga gitaa watano wakisikiliza. Wanne walichagua la Brovall. Pazia lilipofunguliwa, hakuna aliyetaka kulinunua.

"Bwana Sixten, gitaa ni tamu," wakala alisema. "Jina ndilo linalotuua. Tuweke letu, nachukua yote mnayotengeneza. Nikikuta lenu popote kwenye gitaa, mkataba umekufa."

Sixten alitia saini. Mdogo wake, Rune, alivua aproni akaitupa sakafuni.

"Kaka, umembandua mzee kama karatasi ya chupa!"

"Rune, watu kumi na mmoja watakula nini?"

"Wale plastiki!"

Rune akaondoka, na hawakuzungumza tena. Kila Krismasi Sixten alimwandikia barua, na hakuna iliyojibiwa.

Aprili 1986 wakala alifika bila taarifa, akachukua gitaa moja na kuanza kulegeza skrubu za shingo. Alikuwa ameshatoa mbili kati ya nne Maj-Lis alipomvuta mkono kwenda kunywa kahawa. Mezani Sixten alimjazia wakala kikombe kila kilipopungua. Torun alimwona baba yake akiogopa, asijue anaogopa nini.

Karakana ilifungwa mwaka 1994. Magitaa yale, yakiwa na jina la watu wengine, yanasifiwa hadi leo.

Novemba 2018 Sixten aliugua mapafu. Ndipo alipomweleza Torun siri yake.

"Kwa nini hukumwambia baba mdogo?" Torun aliuliza.

"Rune na mdomo ule? Angewaambia hata ng'ombe. Halafu karakana ikafungwa, nikaona aibu, sikujua nianzie wapi."

Alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 2019, saa tano asubuhi, akiwa amemuulizia Rune mara mbili.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake Rune, ambaye familia imemwekea kiti safu ya mbele.

Rune, kando ya jeneza kuna gitaa na bisibisi. Fungua shingo. Pale inapoingia kwenye mwili wa gitaa, mahali ambapo wakala hakuwahi kufika, kaka yako aliandika kwa penseli majina matatu: Helmer, Sixten, Rune. Aliyaandika katika kila gitaa lililotoka baada ya wewe kuondoka.

Sasa hana tena la kuficha. Na apumzike kwa amani.