Taa ya Kwandu

Ndugu Katibu Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, mabalozi wa nyumba kumi kumi, mgambo wenzangu tuliojaliwa kurudi kutoka vitani, nanyi wanakijiji wa Kaniha. Wazee wangu, shikamooni.

Mmeniita mimi, Malongo, niwashe karabai hii mpya kwenye nguzo ya duka letu la ushirika. Nawashukuru. Lakini nguzo hii ilikuwa na taa kabla sijaenda vitani, na aliyeipiga pampu kila jioni alikuwa mke wangu, Kwandu.

Kule Shinyanga tulikotoka, ng'ombe walilindwa na mbwa na ua wa miiba. Tulipohamia kijijini, nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi gwarideni, ua ukakosa nafasi, na jirani akawa mtu usiyemjua hata kikohozi. Kwandu akasema, "Basi taa iwe ua wetu." Je, mwaka ule nani alipoteza hata mbuzi? Taa haimkamati mwizi, ndugu zangu, ila mwizi hapendi kuonekana uso.

Vita vikaja. Tuliamriwa kuzima taa ili ndege za adui zisituone, nasi tukatii. Adui akafukuzwa, ndege zikakoma, na mjini Biharamulo taa zikawashwa tena. Hapa kwetu Balozi Protasi alisema hajaletewa amri ya kuwasha. Kwandu alipoiwasha, Protasi aliishusha kwa mkono wake, akamuuliza, "Mama, unamwashia nani? Adui?"

Kwandu akajibu, "Namwashia jirani."

Wezi wa ng'ombe walikuja juma lilelile. Kwandu alipiga yowe, nanyi mlitoka na marungu, sikatai. Lakini gizani, mwenye rungu ni nani, mwizi au jirani? Kila mmoja alimwogopa mwenzake, mkarudi ndani, naye akabaki peke yake na mapanga ya wezi. Mimi nilikuwa nalinda mpaka wa nchi. Nilirudi nikakuta kaburi limeshaota majani. Naumia, ndugu zangu, wala sina namna nyingine ya kulisema.

Nasikia Protasi siku hizi huizunguka nguzo hii kwa mbali, hata akitumwa chumvi dukani. Ndiyo maana kiberiti hiki sitakiwasha mimi. Ndugu Protasi, simama, njoo. Mkono ulioishusha taa ya Kwandu ndio uipandishe. Mimi nitakushikia ngazi.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na yowe likipigwa tena, tokeni. Safari hii mtaonana.