Hodi ya Mzee Otema Valentino

Viongozi wetu wa dini, wazee, majirani wa kambi ya polisi na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Lamunu, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye alituonya mapema tusije tukamfanya malaika siku ya kumzika.

Mzee Otema Valentino alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Palabek, Kitgum, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba, kisha mwaka 1981 akaingia jeshini, si kwa kupenda bunduki, bali kwa sababu jeshini watu walikuwa wanakula.

Jumamosi tarehe 25 Januari 1986, jeshi lake likiwa limeshindwa na wenzake wakikimbia, wengine wakivunja milango na kupora, yeye aliachwa nyuma Nateete, hapa Kampala, na jeraha la mguu, akafika nyumbani kwa mjane mmoja, Bibi Ernesta Nakayiza, akapiga hodi, akataja jina lake, akasimama kungoja. Mlango ulifunguliwa. Bibi alimficha jikoni, akamvika kanzu ya marehemu mumewe iliyomwishia magotini, na mji ulipotulia akamsindikiza mwenyewe kwenda kujisalimisha. Baba alipomuuliza kwa nini alimfungulia askari, wakati Kiswahili chenyewe, lugha ya askari, siku zile kilikuwa kinawaingiza watu uvunguni, alijibu: “Wengine ilikuwa napiga mlango na kiatu. Wewe ulisema jina. Mwizi hapana sema jina yake.”

Mwaka 1988 alijiunga na polisi hapa Kampala, na tarehe 21 Aprili 1990 akafunga ndoa na mama yetu, Alum Josephine, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Odoch na Atoo, tukakulia chumba kimoja kambini, huku vita vya kaskazini vikiendelea, hata ikapita miaka baba hajui kama wazazi wake wako hai, wala sisi hatujui kama aliyetoka asubuhi atarudi jioni. Pamoja na hayo yote hakuingia popote bila kupiga hodi na kutaja jina lake kamili, hata kwenye choo cha kambi, nasi watoto tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Mwezi Novemba 1997 alitumwa Namuwongo kumkamata mtuhumiwa wa wizi, akapiga hodi, akataja jina, akangoja, na yule bwana akatorokea dirishani akaenda zake, mpaka leo hajaonekana. Kwa kosa hilo mkubwa wake alimvua tepe za usajini, na hazikurudi hata alipostaafu mwaka 2016. Mama alikasirika, akasema waziwazi kwamba hodi haipikwi ikaliwa, na baba hakubishana naye, alisema tu, “Kesho siijui. Mlangoni najua la kufanya.” Katika nyumba ile ya Namuwongo alikuwamo pia mpangaji mwingine na watoto wake, Mama Marie-Jeanne, aliyekimbia Bukavu, Kongo, mwaka mmoja kabla, ambako waliomjia hawakupiga hodi. Yuko nasi hapa, na kitambaa kilichofunika jeneza amekishona yeye, bila kuombwa na mtu.

Ugonjwa wa kisukari ulimwanza mwaka 2017, ukafika kwenye figo, akalazwa hospitali ya Mulago mwezi Julai 2019. Ijumaa tarehe 9 Agosti, saa tatu asubuhi, macho yakiwa yamefumbwa, alisema kwa sauti yake ya kikazi, “Hodi. Ni Otema Valentino.” Kisha akawa anangoja. Tulitazamana, hatukujua ni nani anayepaswa kujibu. Mama, yule yule wa hodi haipikwi, akamshika mkono, akaitikia, “Karibu.” Hapo ndipo alipokata roho, na sisi tumeumia kuliko tunavyoweza kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, askari wenzake waliombeba, pamoja na wajukuu wa Bibi Nakayiza waliofika kutoka Nateete, maana bila mlango wa bibi yao mimi nisingekuwapo kusoma haya.

Baba, jina lako umekwisha kulitaja, ingia sasa, pumzika kwa amani.