Vigingi Vimehama

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na liko pale pale njia ya wakimbiaji na baiskeli inapokatikia. Inakatika kama mtu aliyekuwa anaongea akasahau alichotaka kusema: inatoka bustanini huko imenyooka, laini, ina mstari mweupe katikati, halafu inafika mbele ya dirisha langu, inakuta benchi, basi. Baada ya hapo ni kona ya barabara kuu, malori, vumbi na mtaro mpaka darajani. Wanaokimbia asubuhi wakifika hapo wanaligusa benchi kwa mkono, wanageuka, wanarudi kwao. Mimi sina pa kugeukia. Kiwanda ninakoshona nguo kiko ng'ambo ya daraja, mama yangu anayenilelea mtoto yuko ng'ambo ya daraja, na basi la asubuhi linazunguka mji mzima kwanza, linafika geti limeshafungwa, kwa hiyo kila siku ya kazi nampakia mtoto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, namfunga mkanda, naomba Mungu, naingia kwenye ile kona. Juzijuzi lori lilinipita karibu mpaka upepo wake ukatutupa mtaroni, mimi na mtoto na baiskeli juu yetu. Hatukuumia. Lakini tangu siku hiyo nikisikia lori, hata nikiwa nimelala, vidole vinajikunja vyenyewe kutafuta breki.

Sasa Alhamisi watu wa jiji wakaja na vigingi vyenye vichwa vyekundu, wakavipigilia kuanzia mwisho wa njia, vikapita katikati ya benchi, vikafuata ukuta wa nyumba, mbali kabisa na barabara, mpaka darajani. Wachimbaji wanaanza Jumatatu, wakasema. Siku hiyo nilipata usingizi. Jumamosi asubuhi nikatoka na birika, maana Jumamosi siendi kazini na kahawa ya kijiwe napika mimi, nikakuta vigingi vimehama. Vimelikwepa benchi kwa heshima zote, vikatoka nje hatua chache tu, na hizo hatua chache ziko ndani ya ile kona.

Wenye benchi ni watatu. Mzee Breki aliendesha malori mpaka goti likagoma. Spoku ni fundi baiskeli, ndiye aliyenitengenezea kiti cha mtoto. Diwani aligombea udiwani akashindwa, na mpaka leo anawapungia mkono watu wanaopita. Asubuhi hiyo wote watatu walikuwa wamekaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti.

– Shikamoo, baba, nikamwamkia Mzee Breki.

– Marahaba, Mama Kapteni. Umeamkaje?

Hawaniiti jina langu. Mwanangu anakaa kwenye kile kiti kifua mbele kama yeye ndiye anayeendesha, kwa hiyo yeye ni Kapteni na mimi ni mama yake.

– Kahawa leo inanukia, akasema Spoku.

– Bado sijaifunua.

– Inanukia hivyo hivyo.

Nikamimina. Macho yangu yalikuwa konani, kahawa ikamwagika kwenye kisahani cha Diwani, na Diwani, ambaye siku nyingine angeniundia kamati, akainywea humo humo kisahanini.

– Vigingi vimehama, nikasema.

– Vigingi gani? akauliza Diwani.

– Vile vyekundu.

– Ahaa, vile! Hata mimi nimeshangaa.

– Tumeshangaa sote, akasema Spoku. Tumekuja hapa, tumekaa, tumeanza kushangaa.

Mzee Breki akapuliza kahawa yake kwa muda mrefu.

– Mimi nawaambia ni ardhi, akasema. Ardhi ya kona hii ni ya kujaziwa. Malori yakipita, inatambaa. Niliwahi kuegesha hapa na mzigo wa saruji, nikalala kwenye gari, nikaamka niko mbele ya lile duka la viatu.

– Ulikuwa umevuta breki? akauliza Spoku.

– Unafikiri jina hili nilipewa kwa nini?

– Basi mbona benchi halikutambaa?

– Benchi lina uzito. Diwani analikalia.

– Mimi ni mwepisi kuliko mnavyodhani, akasema Diwani. Na hiyo si ardhi. Hiyo ni siasa. Tazameni: njia ikinyooka, mwananchi anafika mapema. Akifika mapema, ana muda. Akiwa na muda, anauliza maswali. Hakuna mkubwa anayetaka mtu afike mapema na maswali yake. Kwa hiyo wamekuja wenyewe, kimyakimya, wameizungusha.

– Waje wapime Alhamisi, halafu Ijumaa waje kujiibia? akauliza Spoku.

– Ndivyo ofisi zinavyofanya kazi, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nusu niingie humo.

– Nusu ya wapi, ulipata kura za ukoo wenu tu!

– Na ukoo wenyewe haukujitokeza wote, akasema Mzee Breki.

Wakacheka, na mimi nusura nicheke, lakini mtoto alikuwa ubavuni mwangu ananyonya kifuniko cha birika na macho yangu yalikuwa kule konani, kwenye kigingi kile cha nje kabisa, kimekaa karibu na lami mpaka kina vumbi la matairi.

– Mnajidanganya, akasema Spoku. Ni fuko.

– Fuko gani?

– Wa bustanini. Wakubwa hivi, kama paka. Fuko akichimba akakutana na kigingi, anakibeba, anakwenda nacho.

– Anakibeba, anakisimamisha wima, anakipigilia tena, na mstari anaunyoosha? akauliza Diwani.

– Hao ndio fuko wa siku hizi. Na sisi hatujui wanasoma nini huko chini.

– Labda si ardhi inayotambaa, akasema Mzee Breki, labda ni mji mzima. Mji unajinyoosha, kama mtu akiamka. Mbona zamani kutoka hapa mpaka dukani palikuwa karibu?

– Hilo ni goti lako, mzee.

– Goti ni langu, umbali ni wa jiji!

Diwani akasimama, na akisimama ujue ni hotuba. Alisimama kwa mguu mmoja tu, ule mwingine akauacha umekanyaga kitu chini ya benchi.

– Nawauliza: mtu anayekimbia anapumua mara ngapi zaidi ya aliyekaa? Mara mbili? Tatu? Na hewa ya mji si ni ile ile? Sasa wanataka kuongeza njia, waje wakimbiaji wengine, wamalize hewa. Nani anayeiachia hewa jiji hili? Sisi tuliokaa! Benchi hili ni huduma kwa jamii. Kuling'oa ni kuwabana watu pumzi.

– Andika hiyo, Spoku, akasema Mzee Breki. Hiyo ni nzito.

Nikainama kuokota kijiko cha sukari ndipo nikakiona alichokuwa amekikanyaga Diwani. Nyundo ya Spoku. Ile anayonyooshea rimu. Uso wa nyundo wote mwekundu, rangi ya vichwa vya vigingi.

Nikainuka. Utaanzaje, utamwambiaje mzee wa rika la baba yako, na hawa ndio waliokuja mbio siku ile nilipoanguka: Diwani alimtoa mtoto mtaroni akambeba juujuu na suti yake, Spoku aliinyoosha baiskeli siku hiyo hiyo, na Mzee Breki na goti lake alishuka kwenye matope kunitafutia kiatu. Hawakutaka kuniua. Walitaka kukaa. Nikasema tu:

– Njia ikipita hapo itapita konani.

– Hatua chache tu, mwanangu, akasema Mzee Breki.

Akajisikia amesema nini, akaongeza haraka:

– Huyo aliyesogeza. Simjui. Nahisi aliona ni hatua chache tu.

– Mtu mwema, akasema Spoku.

– Mtu anayejali urithi, akasema Diwani.

– Siku ile lori lilinikosa kwa chini ya hizo, nikasema, nikajifanya nampangusa mtoto mdomo.

Spoku akaanza kusugua chombo cha kukazia spoku kwa shati lake mpaka shati likachafuka.

Ndipo akaja dada mmoja ambaye hatukuwa tumemwona kabla, kofia ya nyasi, buti za vumbi, anasukuma gurudumu moja la kupimia lenye mpini mrefu, linalia kach, kach, kach.

– Habari za hapa? Natoka jijini, nakagua mstari kabla ya Jumatatu.

– Karibu sana, mheshimiwa! akasema Diwani. Sisi kama wakazi tunaunga mkono maendeleo moja kwa moja.

– Asante. Mstari ni huu?

– Huo huo, akasema Spoku. Haujaguswa na mtu.

Dada akamwangalia kidogo, akaangalia karatasi yake, akaendelea. Kach, kach, kigingi kwa kigingi, akazunguka benchi, akatoka nje, akafika kwenye kile cha nje kabisa pale konani, akainama kukisoma. Lori likaja. Lilikuwa na mzigo, likaikata kona kama yanavyoikata yote, kioo cha pembeni kikapita juu ya mgongo wake, kofia ikaruka, gurudumu likaanguka. Nilipiga kelele peke yangu. Mtoto akaanza kulia.

Dada hakukimbia. Alisimama pale pale, nywele zimejaa vumbi, akangoja lori liishilie darajani, akageuka kwetu.

– Kuna mtu hapo amewahi kuendesha lori?

– Huyu hapa! wakasema Spoku na Diwani kwa pamoja, kwa fahari, wakimwonyesha Mzee Breki kama kikombe cha ushindi.

– Bingwa! akaongeza Diwani. Kona hii anaijua amefumba macho.

– Baba, akasema dada, na hakusema kwa ukali. Ukiikata kona hii na mzigo, mtu wa baiskeli akiwa hapa nilipo, unamwona?

Tukamgeukia Mzee Breki. Akafungua mdomo. Mtu huyu ana jibu la kwa nini mvua inanyesha Jumapili. Akaiangalia kona, akamwangalia mwanangu anayelia begani mwangu, akaufunga mdomo. Diwani akaangalia ndani ya kikombe chake kama kuna mtu amemwita kutoka humo. Nikangoja hata fuko arudi, hata mji ujinyooshe, mtu aseme chochote. Walikaa.

– Baba? akauliza tena yule dada.

– Kahawa imebaki, Mama Kapteni?

– Imekwisha, baba.

– Imekwisha, akasema Mzee Breki taratibu. Haya. Diwani, toa mguu.

– Mguu upi?

– Huo uliokanyaga nyundo.

Akaiokota mwenyewe, akachechemea mpaka konani, akapiga kigingi kushoto, kulia, kikalegea, akaking'oa. Spoku akainuka akang'oa cha pili. Dada wa jiji akageuka, akaanza kuitafuta kofia yake mahali ambapo hata mimi niliona haipo, akaitafuta muda mrefu, mpaka vigingi vyote vikarudi kwenye mashimo yao ya Alhamisi.

– Na benchi, mheshimiwa? akauliza Diwani kwa sauti ndogo.

– Benchi halimo kwenye ramani yangu. Likibanwa ukutani kule chini ya dirisha, halitakuwa kwenye njia ya mtu.

Dirisha lenyewe ni langu. Wakalibeba, ubao kwanza, matofali baadaye, huku Diwani akiongoza kazi bila kushika kitu. Nikamwuliza yule dada kazi itachukua muda gani mpaka darajani. Akasema mvua zikikubali, miezi kadhaa. Akaniona uso. Akasema pole, na niliona pole yake inatoka moyoni, lakini miezi ni miezi.

Jumatatu nikampakia mtoto. Nikakaza mkanda, nikaukaza tena, nikasema leo nitasukuma kwa mguu, hapana, nitachelewa, nitapanda, nikapanda. Nikafika kwenye kona macho yamejaa machozi hata kabla ya kuona kitu, na lori nilikuwa nimeshalisikia. Katikati ya barabara alikuwa amesimama Mzee Breki, goti limefungwa bendeji, ameinua juu shati jekundu la kampeni la Diwani. Breki zikalia. Lori likasimama mbele yake, dereva akatoa kichwa dirishani.

– We mzee, umechoka kuishi?

– Nimechoka kukaa! Zima gari, kuna mtu anapita.